Asili na Safari ya Neno Mzimu

Neno mzimu ni kongwe kuliko Kilwa, Lamu na Mombasa. Halikuletwa na jahazi, wala halikuazimwa kwa Waarabu kama yalivyoazimwa jini, shetani na roho. Ni urithi wa lugha mama ya Kibantu, na ndugu zake wametapakaa toka Maziwa Makuu hata kusini ya Afrika. Wanyarwanda husema umuzimu, Waganda omuzimu. Maana yake ya kale ni roho ya marehemu wa ukoo, akumbukwaye na kupewa sadaka.

Ngeli nazo zina mafunzo. Kwa Wanyarwanda wingi ni abazimu, katika ngeli ya watu. Mauti hayakuwatoa wafu katika jamaa. Sisi twasema mizimu, kama miti na mito. Hili si tusi, maana miungu na mitume hutamkwa hivyo pia. Lakini mzimu wetu umeelekea kuwa nguvu zaidi kuliko ndugu. Pwani neno hili lilipata hata kuwa jina la mahali pa kutambikia: pango au mbuyu, palipopelekwa ubani na vitambaa. Katika shina lile lile limechipuka kuzimu, makao ya wafu, na zimwi, mla watu wa hadithi zetu.

Kusini safari ilikuwa ya ajabu zaidi. Kwa Watswana, badimo ni wahenga, ledimo ni mla watu, na Modimo ni Mungu. Robert Moffat, aliyemaliza kuchapa Biblia ya Kitswana mwaka 1857, alilitwaa Modimo kuwa jina la Mwenyezi. Na katika Biblia ya lugha hiyo ya mwaka 1908, badimo wamefanywa pepo wachafu. Hivyo shina moja limeketishwa katika kiti cha enzi na kutupwa shimoni ndani ya kitabu kimoja.

Basi mwanafunzi wa historia na ajihadhari. Akikuta katika habari za kale kwamba watu fulani waliiendea mizimu, asidhani mara moja kuwa walikiabudu kitisho cha usiku. Yamkini walikwenda kuwaamkia babu zao. Hofu iliyomo leo katika neno hili imeingia njiani. Na kuwahukumu wazee kwa maana wasiyoijua ni kuwanyima haki ambayo hata mshitakiwa hupewa, ya kusikilizwa kwa lugha yake mwenyewe.