Mfuko wa tumbo haukuwa mtupu

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mwanafunzi wa udaktari alifundishwa kwamba ndani ya mfuko wa tumbo hakuishi kitu. Asidi kali namna ile ingemwachaje kijidudu hai? Vidonda vya tumbo vikatafutiwa sababu kwingine: mawazo mengi, hasira, pilipili. Wagonjwa wakapasuliwa, wengine wakameza dawa za kupunguza asidi mwaka hadi mwaka, na vidonda vikarudi.

Si kwamba hakuna aliyeona. Mwaka 1893 Mwitaliano Giulio Bizzozero alieleza vijidudu vilivyojisokota katika matumbo ya mbwa. Lakini mwaka 1954 Mmarekani Eddy Palmer alichunguza vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa zaidi ya 1,100, akasema hakuna bakteria hao. Njia aliyoitumia kupaka rangi haikuweza kuwadhihirisha, ila neno lake lilishika, na suala likalala kwa miaka 25. Kwa maoni yangu, wagonjwa wa vidonda walililipia jibu lile gharama kubwa mno.

Juni 1979, siku aliyotimiza miaka 42, mwanapatholojia Robin Warren wa Royal Perth Hospital, Australia, aliona utando wa buluu juu ya kipande cha nyama ya tumbo iliyovimba. Alikipaka rangi yenye madini ya fedha, na kwenye hadubini wakajitokeza bakteria waliopinda, wengi mno, wamejipanga juu ya seli. Mwaka 1981 akaungana naye daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha wakashindwa tena na tena, maana sahani za maabara zilitupwa baada ya siku mbili tu. Pasaka ya 1982 sahani zikaachwa sikukuu nzima. Waliporudi kazini, bakteria walikuwa wameota. Mwaka 1984 Marshall, baada ya kuhakikisha kwa kamera kuwa tumbo lake ni zima, alikunywa mchuzi wa bakteria hao. Siku chache baadaye alikuwa akitapika, na vipimo vikaonyesha tumbo limevimba. Nobeli ilikuja mwaka 2005.

Leo bakteria huyo anaitwa *Helicobacter pylori*. Hutoa kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, akaituliza asidi inayomzunguka, kisha hujichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo.

Lakini je, anaishi peke yake? Swali hilo lilisubiri teknolojia ya kusoma vinasaba, kwa sababu vijidudu vingi vya tumboni haviotesheki kwa urahisi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walikuta aina 128 za bakteria katika matumbo ya watu 23, na hawakuona kuwa uwepo wa *H. pylori* unabadilisha wale wengine. Miaka miwili baadaye utafiti wa Sweden, wa watu sita tu, ulionyesha picha tofauti: kwa walioambukizwa, zaidi ya asilimia 90 ya vinasaba vilivyosomwa vilikuwa vya *H. pylori*, na kwa wasioambukizwa jamii ilikuwa ya aina nyingi. Idadi ndogo ya watu na njia tofauti za kupima ndizo sababu ya kutoharakisha hukumu.

Kinachonigusa zaidi ni yanayofuata miaka ikipita. Uvimbe wa muda mrefu huua tezi zinazotengeneza asidi. Asidi ikipungua, bakteria wa mdomoni wanaomezwa kila siku hupata pa kukaa, na *H. pylori* mwenyewe hupungua, kama mpangaji aliyebomoa ukuta uliomkinga. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliotengenezwa kupata saratani ya tumbo huchelewa kuugua wakiwa na *H. pylori* peke yake. Wakiwa na jamii kamili ya vijidudu, uvimbe wa saratani huja mapema. Mwaka 2014 ikabainika kuwa aina tatu za bakteria wa kawaida zinatosha kuongeza kasi hiyo.

Kwa binadamu, Kolombia ndiyo darasa. Katika mkoa wa Nariño, wakazi wa Túquerres milimani na wa Tumaco pwani wameambukizwa kwa wingi unaokaribiana, ila saratani ya tumbo ni kubwa zaidi kwa mbali Túquerres. Utafiti wa 2016 ulikuta vijidudu vingine vya tumboni vinatofautiana kati ya miji hiyo. Nasaba ya bakteria nayo imo: pwani wengi ni wa asili ya Afrika, sawa na wenyeji wao, na milimani wenyeji wana asili kubwa ya Wahindi Wekundu huku bakteria wao wakitoka Ulaya.