Kungwi wa Histoni

Kuna kijitabu cha baiolojia kinachopita mikononi mwa wanafunzi wa Buruburu na Umoja, na humo molekuli zinazozipeleka histoni kwenye DNA zimeitwa protini-sindikizi. Nani alikaa kikaoni, akanywa chai, akalipitisha neno hili? Eastlands nzima inajua kusindikiza ni nini: unamtoa mgeni hadi steji, matatu ikija unarudi zako. Na kwenye ligi, timu ya kusindikiza ni ile iliyokuja kujaza idadi.

Waingereza neno lao, chaperone, walilikopa kwa Wafaransa. Chaperon ilikuwa kofia ya kufunika kichwa na mabega, na jina lenyewe limetokana na chape, yaani joho. Kutoka kwenye kofia likahamia kwa mama mtu mzima anayefuatana na msichana hadharani, kwa kuwa yeye ndiye stara yake. Ron Laskey na wenzake walipolitumia mwaka 1978 kwa nukleoplazimini ya mayai ya chura, walikusudia stara hiyohiyo. Histoni zina chaji chanya, DNA ina chaji hasi; zikiachiwa hurukiana, zikaganda bonge lisilo na faida. Nukleoplazimini ilizituliza, ikazikabidhi kwa utaratibu, kisha ikajitoa. Ndani ya nukleosomu, yaani DNA iliyojiviringisha kwenye histoni, haimo.

Kwetu ni nani humfunda mwali, akamfikisha chumbani, akatoka bila kuwa mke? Waulizeni akina mama wa Majengo kule Pumwani. Kungwi! Yuko mtaalamu mmoja, mwenye shahada ndefu kuliko hoja zake, anayeng'ang'ania mshenga. Kazi ya mshenga huishia barazani, kwenye posa na mahari. Na wanaonung'unika kwamba kungwi ni neno la faragha ndio haohao walioandika "seli binti" bila kuona haya.

Kungwi huyu si wa kupuuzwa. HIRA, mmoja wa makungwi hao, huweka histoni H3.3, na seli inapozeeka hushiriki kuikaza kromatini hadi jeni za kugawanyika zinyamaze. DAXX, akiwa na mwenzake ATRX, huipeleka H3.3 hiyohiyo kwenye telomea, ncha za kromosomu; katika baadhi ya uvimbe wa kongosho jeni ya mmoja wa wawili hawa hukutwa imeharibika, na seli za saratani hurefusha telomea kwa njia za panya, zikakataa kuzeeka. Msindikizaji akikosekana, mgeni si huenda steji peke yake tu?

Matumizi: kungwi wa histoni, makungwi wa histoni, kwa upatanisho wa watu. Wanaotaka "la" na "ya" wakaisome sarufi yao upya.