Nani Ameshika Mizani? Liyongo, Earthsea na kesi ya Braamfontein

Kwenye kipindi kilichopita tuliongea kuhusu vitabu vya fantasia tulivyokua navyo, na kama kawaida muda ukatuishia katikati ya ubishi. Ubishi wenyewe ulikuwa huu: je, hadithi hizi zinatufundisha kuogopa mabadiliko? Maana nyingi zinaanza vilevile. Palikuwa na utaratibu, utaratibu ukavurugika, shujaa akaja kuurudisha. Nimeamua kuandika kwa sababu jibu langu ni refu kidogo. Linapitia Pate, halafu linarudi hapa hapa Johannesburg.

Tuanze na Earthsea. Ursula K. Le Guin alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo huo mwaka 1968, na riwaya ya mwisho ikatoka 2001. Ni dunia ya visiwa vitupu, na shujaa wake ni mtu wa ngozi ya kahawia. Sheria kuu ya dunia hiyo ni mizani: mwenye uganga akibadilisha kitu kimoja, kitu kingine mahali pengine kinayumba, kwa hiyo mwenye hekima ni yule anayejua kujizuia. Inapendeza, si ndiyo? Lakini iangalie shule wanakofundishwa waganga wakubwa: wanaume watupu. Mwandishi mwenyewe alikuja kuliona hilo. Baada ya kitabu cha tatu, cha mwaka 1972, ilipita miaka 18 ndipo akatoa Tehanu, na humo swali limegeuka. Hiyo mizani iliyolindwa kwa nguvu zote, nani aliipima? Na wakati inapimwa, nani hakuwepo?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa Fumo Liyongo.

Kama hukusimuliwa nyumbani, basi kwa ufupi: Liyongo ni shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa Pate, Lamu na mlango wa mto Tana. Aliishi lini hasa, wanahistoria wanabishana, na wanapishana kwa mamia ya miaka. Hadithi yake ilichapwa mwaka 1870 katika kitabu cha Edward Steere, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu akaitunga kuwa utendi wa beti zaidi ya 200. Ukiusoma leo utaona kila kitu unachokitafuta kwenye fantasia. Liyongo ni jitu la mtu. Mwendo wa siku nne anautembea kwa siku moja. Akipuliza pembe, pembe inapasuka. Silaha za kawaida hazimuui.

Lakini ugomvi wenyewe si wa maajabu hata kidogo. Ni ugomvi wa urithi. Liyongo na mtawala wa Pate, ambaye masimulizi mengi yanamwita Daudi Mringwari, ni ndugu; wengine wanasema wa baba mmoja, wengine wanasema binamu. Wako watafiti wanaoona ndani ya ugomvi huo kumbukumbu ya zamani sana: wakati ambapo miji ya pwani ilikuwa inahama kutoka urithi wa kukeni, yaani upande wa mama, kwenda urithi wa kuumeni, Uislamu ulipozidi kushika mizizi. Kwa kanuni moja kiti ni cha huyu, kwa kanuni nyingine ni cha yule. Si lazima mmoja wao awe mwizi. Ardhi ilisogea chini ya miguu yao wote wawili.

Sasa angalia mtawala anavyolishughulikia jambo hilo. Haiti kikao. Anawahonga watu wa porini wamuue Liyongo wakati akipanda mkoma kuangua matunda. Liyongo anayaangusha kwa mishale akiwa chini. Anamfunga gerezani, Liyongo anaagiza kwa mama yake mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi, ambao chakula kizuri walikuwa wanakila wao, wanaudharau mkate ule na kumpelekea. Usiku wa ngoma, kelele za nje zinafunika sauti ya tupa, na minyororo inakatika. Mwisho mtawala anamnunua mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na mke. Kijana anamuuliza baba yake siri, baba anajua kabisa anachoulizwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni.

Halafu inakuja sehemu ambayo mimi kila nikiisoma natulia. Liyongo akiwa amechomwa anachukua upinde wake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anaweka mshale tayari, na anafia hapo hapo bila kuanguka. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na kudhani yu hai. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Siku zinapita, mji mzima una kiu kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa wawili ambao wao hawakuulizwa chochote. Anayepelekwa kumbembeleza ni mama yake. Na yule kijana? Alichoahidiwa hakukipata.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba utendi huu unaogopa mabadiliko. Urithi umeshabadilika na haurudi, na hakuna shujaa anayekuja kuurudisha. Kinachoonyeshwa ni gharama ya mabadiliko yanayofanywa gizani. Na kumbuka nani anaokoa jahazi kila mara: mama, ambaye hana kura yoyote kwenye suala la kiti.

Sasa turudi Johannesburg. Pale Braamfontein, kwenye kilima cha gereza la zamani la Old Fort, walipowahi kufungwa Gandhi na Mandela, ndipo ilipo Mahakama ya Katiba. Baadhi ya matofali ya gereza yalitumika kuijenga. Tarehe 4 Juni 2008 mahakama hiyo iliamua kesi ambayo, kama ningeisoma kwenye utenzi, ningesema mtunzi anamuiga Kijumwa.

Ilikuwa kesi ya kiti cha hosi, yaani chifu, wa jamii ya Valoyi huko Limpopo. Mwaka 1968 Hosi Fofoza Nwamitwa alifariki bila mtoto wa kiume. Binti yake mkubwa, Phylia, alirukwa, maana mila ya wakati ule haikumruhusu mwanamke, na kiti kikaenda kwa Richard, mdogo wake marehemu. Mwaka 1996, Katiba mpya ikiwa tayari inasema wanawake na wanaume ni sawa, familia ya kichifu ilikaa kikao na kukubaliana kwamba kiti kimrudie Phylia. Richard alipofariki mwaka 2001, mwanawe Sidwell alisema hapana, kiti ni changu. Binamu kwa binamu, kanuni ya zamani kwa kanuni mpya. Mahakama mbili za chini zilimpa Sidwell ushindi. Mahakama ya Katiba ikampa Phylia Shilubana.

Mimi ni mwanasheria, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Majaji hawakusema mila ni mbaya, na hawakusema mila haiguswi. Walisema lazima mambo yapimwe pamoja: jamii ilifanya nini zamani, inafanya nini sasa, haki ya jamii kuibadilisha mila yake yenyewe, na kinga ya wale watakaoumizwa na mabadiliko. Yaani mizani, lakini mizani iliyowekwa mezani, mchana, kila upande ukisikilizwa. Sidwell alishindwa, lakini alishindwa akiwa amesimama mahakamani na hoja zake, wala hakuna aliyemfuata na sindano.

Kwa nini nawaambia ninyi? Kwa sababu wengi wetu tunakaribia umri wa kurithi. Nyumba ya babu Tanga, shamba la bibi nje ya Bukavu, kiwanja cha baba Kisumu. Mara nyingi kikao kinafanyika kule, na sisi wa huku tunapigiwa simu kuambiwa kilichoamuliwa na kiasi cha kuchangia. Shangazi anakaa jikoni, ingawa ndiye aliyemuuguza marehemu. Ukiuliza, unajibiwa kwamba mila ndivyo ilivyo. Kwa heshima zote kwa wazee wetu, mila haijawahi kukaa palepale. Pate ilibadilika, Valoyi wamebadilika.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho, kabla ya kuuliza nani anapata nini, waulize wazee kwa adabu: shikamoo, mzee, na shangazi yuko wapi, mbona hajaitwa?