Kutoka Sebuleni hadi Ukumbini: Nyimbo za Kijerumani na Okestra

Franz Schubert alipofariki mjini Vienna mwaka 1828, akiwa na umri wa miaka 31, aliacha nyimbo zaidi ya 600, na nyingi mno katika hizo alizitunga kwa sauti ya mtu mmoja akifuatana na piano, ziimbwe katika sebule za masahibu zake, mahali ambapo hata msikilizaji aliyeketi mwisho kabisa aliweza kumwona mwimbaji akivuta pumzi. Mashairi yalikuwa ya Goethe, ya Müller, ya Heine, na ya wengine ambao leo hawatajwi ila kwa kuwa yeye aliyatia mahadhi. Na piano ilikuwa kama mshairi wa pili, kwani ndiyo iliyoutaja mto, na upepo, na gurudumu la kusokotea uzi, na kwato za farasi, hali mwimbaji ameshughulika na maneno yake. Zilipotolewa sebuleni na kupelekwa ukumbini, mikono miwili ya mpiga piano ikampisha kiongozi na jeshi zima la watribu, nyimbo hizi zilipata mengi na zilipoteza mengi. Na katika kuzifuatia habari zake nimeona kwamba waliofaulu katika kazi hiyo ni wale ambao, wakiandika kwa ajili ya ukumbi, hawakuusahau ukubwa wa chumba.

Safari yenyewe ilikuwa na sababu zake. Katika karne ya 19 tamasha la muziki lilikuwa mchanganyiko: simfonia ikapigwa, kisha mwimbaji akaimba kipande cha opera, kisha huyo huyo akataka kuimba nyimbo mbili tatu za Schubert, na baada ya ngurumo ya okestra sauti ya piano peke yake ikaonekana nyembamba. Lakini kuna jambo la ndani zaidi, nalo ni tabia ya ala yenyewe. Nyundo ya piano ikishaugonga uzi, sauti huanza kufa papo hapo, wala hapana ustadi duniani uwezao kuikuza noti iliyokwisha kugongwa. Kwa hiyo mtungaji hulazimika kuigonga tena na tena, au kuizungushia noti nyingine ndogo ndogo, ili masikio yadhani kwamba bado inaishi. Fidla na zumari hazina dhiki hiyo. Msikilizaji wa taarab ya Unguja, aliyezoea kuzisikia fidla zikiinyoosha noti moja wakati mwimbaji anapumzika, anaijua vema tofauti hii bila kufundishwa. Basi anayeuandikia okestra wimbo wa piano hukabiliwa na hukumu tangu mstari wa kwanza: azihifadhi zile noti zilizogongwa mara nyingi, au ainyooshe ile noti moja ambayo mtungaji aliikusudia?

Tuutazame "Erlkönig", shairi la Goethe ambalo Schubert alilitia mahadhi mwaka 1815 akiwa kijana wa miaka 18, na ambalo lilichapishwa mwaka 1821 likiwa kazi yake ya kwanza kupewa nambari. Baba anamkimbiza farasi usiku, amempakata mwanawe, naye mtoto anamwona mfalme wa mizimu akimbembeleza amfuate. Mwimbaji mmoja huwa msimulizi, na baba, na mtoto, na mfalme huyo, wote wanne. Na mkono wa kulia wa mpiga piano hugonga oktava, mapigo matatu matatu, kwa kasi isiyolegea, hata kifundo cha mkono kikawaka moto. Kila mtoto anapomlilia babaye, sauti yake hugongana kwa uchungu na noti zilizo chini yake, na kila kilio kipya hupanda juu kuliko kilichotangulia. Mwishowe farasi husimama, na msimulizi hutoa habari ya kifo karibu kama mtu asemaye, kisha mapigo mawili tu, basi.

Mwaka 1860 mabingwa wawili waliuandikia okestra wimbo huu: Franz Liszt, aliyezivika okestra nyimbo sita za Schubert, miongoni mwake "Gretchen am Spinnrade" na "Die junge Nonne", na Hector Berlioz, Mfaransa, aliyemwandalia mwimbaji Gustave Roger kwa ajili ya tamasha la Baden-Baden. Manufaa yako bayana. Kila mmoja katika wale wanne aweza kupewa rangi yake, na mfalme wa mizimu akazungukwa na sauti laini ambazo piano huziashiria tu. Walakini zile oktava zikigawiwa fidla, hakuna achokaye; pinde hutetemeka kwa sahala, watu kumi wakibeba mzigo wa mmoja, na msikilizaji hamsikii tena binadamu akishindana na mkono wake mwenyewe, mashindano ambayo kwangu mimi ni nusu ya hofu ya wimbo huu.

Nampenda zaidi Johannes Brahms katika kazi hii. Sahibu yake Julius Stockhausen ndiye aliyekuwa wa kwanza kuimba hadharani "Die schöne Müllerin" ya Schubert nzima, nyimbo 20 mfululizo, mjini Vienna mwaka 1856. Na mwaka 1862 Brahms alimwandikia okestra nyimbo kadhaa za Schubert, zikiwemo "Memnon", "Geheimes" na "An Schwager Kronos". Katika "Geheimes" hasa alijizuia kwa adabu kubwa, akiacha nafasi tupu pale Schubert alipoiacha. Haukupita muda ila uongozi wa okestra ya Philharmonia ya Hamburg, mji aliozaliwa Brahms na kazi aliyoitamani kwa moyo wote, ukapewa Stockhausen huyo huyo. Jeraha hilo lilimkaa, lakini usuhuba haukuvunjika, na nyimbo zake za "Magelone" alimtunukia Stockhausen.

Richard Wagner alikuwa ameonyesha njia nyingine. Katika majira ya baridi ya mwaka 1857 na 1858, mjini Zürich, alitunga nyimbo tano kwa mashairi ya Mathilde Wesendonck, na mmojawapo, "Träume", akauandikia kundi dogo la watribu, ukapigwa nyumbani kwa bibi huyo tarehe 23 Desemba 1857, siku yake ya kuzaliwa. Nne zilizobaki hakuziandikia okestra. Kazi hiyo aliifanya Felix Mottl, naye akaifanya kwa ujuzi hata wengi wanaozisikia leo hudhani ni mkono wa Wagner. Hugo Wolf aliziandikia okestra kiasi cha nyimbo 20 zake mwenyewe, na Max Reger, aliyeiongoza okestra ya Meiningen tangu mwaka 1911, aliziandikia nyingi za Schubert, hapo sitakawia.

Kwa Richard Strauss napaswa kukawia. "Morgen!" ni mmoja wa nyimbo nne alizomtunukia mkewe, Pauline de Ahna, walipooana mwaka 1894. Piano huanza peke yake na kuyamaliza mahadhi yote, na mwimbaji huingia amechelewa, katikati ya maneno, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyoanza moyoni. Mwaka 1897 Strauss aliuandikia okestra, na yale mahadhi akampa mpiga fidla mmoja, kinubi kikimfuata, nyuzi nyingine chini yake, na baragumu tatu ambazo hungoja muda mrefu kabla ya kusema neno. Okestra nzima ikawa mazungumzo ya watu wawili, fidla na sauti.

Gustav Mahler alilifikisha jambo hili mbali zaidi. Friedrich Rückert alikuwa ameandika mashairi zaidi ya 400 baada ya kufiwa na wanawe wawili. Mahler aliteua matano, akayatungia "Kindertotenlieder", na wimbo wa kwanza huanza kwa zumari na baragumu tu, kila moja ikijikokota njia yake, kabla ya sauti ya baba kusikika. Zilipoimbwa mara ya kwanza, tarehe 29 Januari 1905, Mahler alikuwa mkurugenzi wa Opera ya Kifalme ya Vienna, na ukumbi mkubwa wa Musikverein ulikuwa maarufu ulimwenguni kote. Lakini alizipeleka katika ukumbi mdogo wa jengo lile lile, na watribu akawapunguza wawe wachache.