Kipunjabi Nje ya Ratiba: Hoja Kuhusu Madarasa ya Jumamosi Uingereza

Katika gurdwara (nyumba za ibada za Masikh) nyingi za Uingereza, kuanzia Southall hadi Wolverhampton, mwisho wa juma watoto huvua viatu, hufunika vichwa na kuanza kughani herufi: ura, aira, iri, sassa, haha. Hizo ni tano za mwanzo kati ya herufi 35 za msingi za Gurmukhi, hati ambayo kwa mapokeo ya Masikh ilipangwa na Guru Angad katika karne ya 16. Walimu wao wengi hujitolea. Makala haya yanashikilia kwamba kazi hiyo ni elimu kamili, na kwamba kubaki kwake nje ya ratiba ya shule kunatokana na uamuzi wa kisera ambao unaweza kubadilishwa.

Uamuzi huo una historia. Mwaka 1965 Wizara ya Elimu, kwa waraka namba 7/65, ilishauri kwamba watoto wa wahamiaji wasizidi takriban theluthi moja ya wanafunzi katika shule yoyote. Southall ikatekeleza: kwa zaidi ya muongo mmoja watoto wa Kipunjabi walipakiwa kwenye mabasi asubuhi na kutawanywa katika shule za mbali na nyumbani kwao. Miaka 20 baada ya waraka ule, ripoti ya kamati ya Lord Swann ilikemea ubaguzi shuleni kwa maneno mazito, lakini ilipofika kwenye lugha ya mama ikasema kuidumisha ni jukumu la jamii zenyewe. Shule zingeweza kuwaazima vyumba. Hapo ndipo lugha ya maelfu ya wanafunzi iliposukumwa hadi baada ya kengele ya mwisho.

Jamii haikungoja. Miongoni mwa walioibeba kazi hiyo walikuwamo Makalasinga wa Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa vizazi vya mafundi waliofika wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Walihamia Uingereza kutoka Kenya katika miaka ya 1960, na kutoka Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Mwanaanthropolojia Parminder Bhachu, katika kitabu chake cha 1985, aliwaita wahamiaji wa mara mbili. Walikwisha kulea watoto na kuendesha gurdwara zao mbali na Punjab, na uzoefu huo waliuhamishia Southall na Birmingham.

Lakini uzoefu na moyo wa kujitolea havitoshi, kwa sababu Kipunjabi si somo jepesi la kuokotezwa kwa saa mbili za Jumamosi. Ni lugha ya toni, tofauti na jirani zake Kihindi na Kiurdu, na toni hizo zimejificha ndani ya tahajia. Neno la farasi huandikwa kwa herufi ya gh, ilhali wazungumzaji hulianza kwa sauti ya k yenye toni ya chini. Mtoto anayesoma herufi moja moja hushindwa kulitambua neno alilolisikia kwa bibi yake tangu utotoni. Kumvusha hapo kunahitaji mwalimu aliyefundishwa kufundisha lugha, vitabu vinavyolingana na umri wa mtoto, na vipindi vya mara kwa mara.

Kuna pia suala la dini, nalo lisiogopwe. Kama mwanafunzi wa chuo cha Qur'ani pwani kwetu anayesoma kurasa nzima bila kuweza kuagiza maji kwa Kiarabu, mtoto wa gurdwara anaweza kusoma maandiko ya Guru Granth Sahib na bado akakwama katika mazungumzo ya dukani. Ibada imeilinda lugha hii, na heshima hiyo ni yake. Hata hivyo Kipunjabi si cha Masikh peke yao. Familia za Kiislamu zenye asili ya Pakistan hukiandika kwa Shahmukhi, hati yenye asili ya Kiarabu, na watoto wao kwa kawaida huelekezwa kwenye Kiurdu. Darasa la gurdwara, hata liwe la ukarimu kiasi gani, haliwezi kuwakusanya wote. Shule ya umma inaweza.

Wanafunzi wenyewe wapo. Sensa ya 2021 iliwapata watu wapatao 291,000 Uingereza na Wales ambao lugha yao kuu ni Kipunjabi. Mtihani wa Kipunjabi wa GCSE, ngazi ya sekondari, upo pia, ingawa mtoto wa darasa la Jumamosi hulazimika kutafuta shule itakayokubali kumsajili na kumpatia mtu wa kumtahini kwa mazungumzo. Mwaka 2015 hata mtihani wa Kipunjabi wa A-level, ngazi ya juu ya sekondari, ulitangazwa kufutwa. Ulinusurika mwaka uliofuata baada ya malalamiko ya wananchi na serikali kuingilia kati.

Wanaosema haiwezekani waitazame British Columbia, Kanada. Tangu miaka ya 1990 jimbo hilo lina mtaala wa Kipunjabi wa darasa la 5 hadi la 12, na katika miji kama Surrey mwanafunzi hukisoma ndani ya saa za shule, sawa na Kifaransa. Hoja ya uhaba wa walimu ina uzito, ila uhaba huo unatokana na kutowafundisha. Walimu wa Jumamosi wapo, wanajulikana kwa majina katika kila mtaa wa Southall. Serikali iwape mafunzo na mishahara, na wakuu wa shule wenye wanafunzi wa Kipunjabi wawafungulie nafasi kwenye ratiba ya wiki.