Shule ya Kanisa, watoto wa kila dini

Kila asubuhi ya siku ya masomo, watoto waliovaa sare hutoka katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, kutoka Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, wakielekea katika shule mbalimbali za kisiwani. Baadhi ya shule hizo zina msalaba ukutani na picha ya Bikira Maria ofisini mwa mwalimu mkuu. Wanaoingia humo si Wakatoliki pekee. Wamo Waprotestanti, wamo Wahindu na, kwa kuwa hii ni Mombasa, wamo Waislamu ambao saa chache awali waliamshwa na adhana ya alfajiri.

Mgeni anaweza kustaajabu. Kwa mwenyeji, jambo hili ni la kawaida kiasi kwamba aghalabu halizungumzwi. Hata hivyo ukawaida huo haukuja wenyewe. Umejengwa juu ya masharti ambayo mengi hayakuandikwa popote, na yanapovunjika huvunjika mahali pale pale: katika sala, katika kipindi cha dini na katika vazi la msichana.

Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba mtoto alale kwao. Mwanafunzi wa shule ya kutwa hula chakula cha mamake, huswali pamoja na babake, na masomo yanapomalizika, au siku za mwisho wa wiki, huenda chuoni kukaa mbele ya maalimu na msahafu wake. Shule humwazima tu mtoto huyo, haimchukui. Mzazi wa Kibokoni anaweza kustahimili Baba Yetu ikisaliwa kwenye gwaride la asubuhi kwa sababu anajua kwamba jioni mtoto atakuwa amerudi mikononi mwake. Bweni ni habari nyingine kabisa. Huko shule huamua mtoto atakula nini, ataamka saa ngapi, na kama atapata mahali pa kutawadha.

Hofu ya kumtoa mtoto nyumbani ina mizizi mirefu katika kisiwa hiki. Mwanzoni mwa karne ya 17, mfalme wa Mombasa aliuawa kufuatia ugomvi wake na Wareno waliokuwa wakiishikilia Fort Jesus. Mwanawe, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa, India, angali mtoto. Huko alilelewa na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa na kuitwa Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa kutawala akiwa mfalme Mkristo. Mnamo Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua nahodha Pedro Leitão de Gamboa na kutangaza kwamba amerejea katika Uislamu. Wakristo waliokataa kumfuata waliuawa. Mwaka uliofuata aliuacha mji na kuishia baharini.

Kanisa huwakumbuka waliouawa kuwa ni mashahidi wa Mombasa. Wapo wanaomkumbuka Yusuf kuwa ni mtu aliyedai kilichokuwa chake. Masimulizi yote mawili hukutana mahali pamoja, nako ni kwamba miaka ya malezi ya ugenini haikumfanya mtoto yule kuwa vile walimu wake walivyokusudia.

Waomani walipoiteka Fort Jesus mwaka 1698, Ukatoliki ulikaribia kutoweka kabisa Mombasa. Uliporudi mwishoni mwa karne ya 19, uliletwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao tayari walikuwa na makao Unguja na Bagamoyo. Wakati huohuo ujenzi wa reli, ulioanza mwaka 1896, na shughuli za bandari viliwavuta Wagoa kutoka India, wengi wao wakiwa makarani wa serikali na wa kampuni za biashara. Hawa walikuwa Wakatoliki wa karne nyingi. Walihitaji kanisa, na watoto wao walihitaji shule. Kwa hiyo elimu ya Kikatoliki ya kisiwani, kwa kiasi kikubwa, haikuanza kwa kumwinda mtoto wa Kiislamu ili abadili dini. Ilianza kwa kuwahudumia watu waliokwisha kubatizwa. Huenda hiyo ni sababu moja iliyowafanya majirani wasiiogope sana.

Mashirika ya watawa yaliongeza nguvu, hasa katika elimu ya wasichana. Masista wa Loreto, wanaofuata njia ya Mary Ward, Mwingereza wa karne ya 17 aliyeshikilia kwamba mwanamke anastahili elimu kama mwanamume, walifika Kenya mwaka 1921, na jina la Loreto limo pia katika orodha ya shule za Mombasa. Limo vilevile jina la Star of the Sea, yaani Nyota ya Bahari, mojawapo ya majina ya heshima ambayo Wakatoliki humpa Bikira Maria. Ni jina linalofaa mji wa bandari. Wala halimtatizi sana mzazi Mwislamu, kwani Kurani ina sura nzima iitwayo Maryam, na akina Mariamu ni wengi katika nyumba za Mji wa Kale.

Isidhaniwe kwamba milango ilikuwa wazi tangu mwanzo. Serikali ya kikoloni iliwagawa watoto kwa rangi. Palikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi, za Wagoa, za Waarabu na za Waafrika, na shule za misheni hazikuwa nje ya mpango huo. Shule ya Allidina Visram, iliyojengwa katika miaka ya 1920, ilikuwa ya Wahindi. Wazazi wengi wa Kiislamu nao waliziepuka shule za misheni wakihofia watoto wao wasije wakabatizwa, na gharama ya hadhari hiyo ilionekana baadaye kazi za ofisini zilipogawiwa waliosoma. Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, kilichojulikana kwa kifupi MIOME, kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa mchango wa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengine ili kuziba pengo hilo upande wa ufundi. Baada ya uhuru chuo hicho nacho kilifunguliwa kwa wote, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kisiwa hiki basi kina mifano ya pande zote mbili ya taasisi zilizoanzishwa kwa ajili ya kundi moja zikaishia kuwa za watu wote.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilipewa kazi ya kuitazama upya elimu ya taifa. Ripoti yake ya mwaka 1964 ilisisitiza kwamba shule za umma ziwaunganishe Wakenya na ziheshimu dini ya kila mtoto. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikaziweka shule nyingi za makanisa mikononi mwa serikali, na kanisa likabaki na nafasi ya mdhamini.

Hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Jina la mtakatifu langoni halielezi shule ni ya nani. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, shule inayodhaminiwa na kanisa ni shule ya umma. Walimu wake huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC). Mdhamini ana wawakilishi katika bodi ya usimamizi, anaweza kuleta kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe, na anaruhusiwa kutunza maisha ya kiroho ya shule, lakini sheria inamtaka alinde dini za wengine. Shule ya binafsi ni mali ya jimbo, ya shirika la watawa au ya mwenyewe aliyeianzisha. Hiyo huajiri walimu wake, hupanga karo yake na ina uhuru mpana zaidi wa kujiwekea desturi. Hata hivyo haiko nje ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri na kusema kwamba mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake.

Kanisa Katoliki lenyewe lina msimamo ulioandikwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake kuhusu elimu la Oktoba 28, 1965, ulisema kwamba shule za Kikatoliki zenye wanafunzi wasio Wakatoliki ni za thamani kubwa kwa Kanisa. Siku hiyohiyo ulitoa tamko jingine lililowataja Waislamu kwa heshima. Mwaka 1988 idara ya Vatikano inayosimamia elimu iliongeza maelezo ambayo walimu wangefaidika kuyasoma mara kwa mara. Ilitenganisha katekesi, ambayo ni malezi ya imani kwa anayeamini, na somo la dini, ambalo ni maarifa anayoweza kufundishwa yeyote. Shule inaweza kutangaza imani yake waziwazi, wala haitakiwi kuificha, lakini haina ruhusa ya kumshurutisha mtoto.

Kwenye karatasi mambo ni mepesi. Darasani si hivyo. Mtaala wa Kenya una Elimu ya Dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, na mwanafunzi hutahiniwa katika mojawapo. Shule isiyo na mwalimu wa somo la Kiislamu humwachia mwanafunzi Mwislamu njia mbili, ama asome la Kikristo ama akose alama za somo zima. Wapo wanaolisoma na kulipita vizuri sana, na wazazi wao wakacheka. Wapo wasiocheka. Kuajiri mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule yenye msalaba ukutani ni ushahidi mzito kuliko maneno yoyote ya kaulimbiu langoni, maana huo hugharimu mshahara.

Misa nayo ina utaratibu wake. Mwanafunzi asiye Mkatoliki hapokei Komunyo, na hilo halina ubishi. Ubishi huwa juu ya kuhudhuria. Kuna tofauti kati ya kumwambia mtoto akae kimya kwa adabu wenzake wakisali na kumwamuru apige magoti. Ijumaa adhuhuri wavulana wanaotaka kwenda msikitini huhitaji ruhusa, na ratiba iliyopangwa na mtu anayeijua Mombasa huacha nafasi hiyo badala ya kungoja barua za wazazi. Mwezi wa Ramadhani mwalimu wa michezo naye hukumbuka kwamba nusu ya timu yake haijanywa maji.

Mvutano mkali zaidi kuhusu mambo haya nchini haukutokea Mombasa bali Isiolo. St Paul's Kiwanjani ni shule ya sekondari ya kutwa, ya wavulana na wasichana, inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, na ina wanafunzi Waislamu. Mwaka 2014 ombi lilitolewa kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali pamoja na sare. Kanisa lilikwenda mahakamani kupinga. Machi 2015 Mahakama Kuu iliunga mkono Kanisa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha hukumu hiyo, ikisema kwamba sare inayoonekana kuwa sawa kwa wote inaweza kumdhuru mwenye imani fulani kuliko mwingine, na kwamba kumruhusu mwanafunzi vazi la dini yake si upendeleo. Januari 2019 Mahakama ya Juu nayo ikaiondoa hukumu ya rufaa, huku Jaji Jackton Ojwang akitofautiana na wenzake.

Wengi waliosikia matokeo hayo walidhani hijabu imepigwa marufuku. Sivyo. Majaji walio wengi walisema kwamba dai la mzazi halikuwasilishwa mahakamani kwa utaratibu ufaao, kwa hivyo hawakuamua swali lenyewe. Walipendekeza bodi ya shule ishauriane na wazazi na wahusika wengine kuhusu kanuni zake. Uamuzi ukarudi mezani pa mwalimu mkuu, na huko ndiko uliko. Shule moja inaruhusu mtandio wa rangi ya sare, nyingine hairuhusu, na msichana wa Mji wa Kale ambaye nyumbani hatoki bila buibui anaweza kulazimika kuvua mtandio langoni asubuhi na kuuvaa tena langoni jioni. Mzazi mwenye busara huuliza kanuni hiyo kabla ya kulipa karo ya kwanza.

Mitihani mingine hutoka nje ya ua wa shule. Agosti 2012, baada ya mhubiri Aboud Rogo kupigwa risasi na kufa, ghasia zilizuka Mombasa na makanisa kadhaa yakashambuliwa. Baraza la viongozi wa dini mbalimbali wa Pwani, ambamo Wakatoliki na Waislamu huketi pamoja, lilikuwa miongoni mwa waliotoa wito wa utulivu. Ni vigumu kupima mchango wa madarasa katika siku kama hizo, lakini kijana aliyekaa dawati moja kwa miaka minane na mwana wa jirani wa dini nyingine hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba hamjui.

Kizuizi kinachobaki ni fedha. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma. Kufikia mwaka 2018 mgao wa sekondari za kutwa ulikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Shule ya binafsi haipati senti katika mgao huo, hata iwe ya watawa walioapa ufukara. Karo ndiyo inayolipa mishahara, umeme na chaki. Hivyo shule inaweza kufungulia dini zote na bado ikawafungia maskini wa dini zote, wakiwamo Wakatoliki wa Likoni na Changamwe. Wafadhili na nafasi chache za msaada hupunguza makali bila kuyaondoa.

Kuna pia feri. Shule ya kutwa humfaa anayeweza kufika na kurudi kila siku, na mtoto wa Likoni huamka gizani, akapanda matatu, akasimama katika msongamano wa kivukoni pamoja na wafanyakazi wa bandarini, kisha akatafuta tuktuk upande wa kisiwani. Chombo kimoja kikiharibika, lango hufungwa kabla hajafika.