Mtetemo wa Sauti katika Kwaya Yetu: Historia Fupi

Kurasa nyingine za kitabu hiki cha Jubilii zinaeleza habari za waanzilishi, sare na safari za kwaya. Hapa tunaandika juu ya jambo lililotufundisha na pia kutugombanisha: mtetemo, ambao wanamuziki huuita tremolo.

Neno hilo ni la Kiitaliano, na maana yake ni kutetemeka. Tremolo ni kurudia noti moja haraka haraka, au kuiongeza na kuipunguza nguvu bila kuiacha. Sauti ikipanda na kushuka kidogo kandokando ya noti, hiyo ni vibrato. Waimbaji waliofunzwa huitoa mara 5 hadi 7 hivi kwa sekunde, na sikio husikia utamu tu. Ikiwa ya polepole na pana, sikio husikia kuyumba. Walimu wengi wa zamani waliposema mwimbaji ana tremolo, walikuwa wakimlaumu.

Mambo haya ni ya zamani. Mwaka wa 1602 Mwitaliano Giulio Caccini alieleza katika kitabu chake jinsi ya kuigonga noti moja kooni mara nyingi kama pambo la wimbo. Mwaka wa 1624, mjini Venice, Claudio Monteverdi aliwataka wapigaji wake warudie noti moja mara 16 katika kipimo kimoja, ili msikilizaji asikie hasira ya vita. Mwanzoni wengine waliona ni kichekesho, wakaipiga mara moja tu. Jambo hilo alilisimulia mwenyewe alipoichapisha kazi hiyo mwaka wa 1638.

Hapa pwani mtetemo haukungoja kitabu. Uzi wa udi ukiguswa mara moja sauti yake hufa upesi, kwa hiyo mpigaji wa taarab huugusa haraka haraka ili noti iendelee kuishi. Mama akipiga vigelegele, ulimi wake hufanya kazi hiyohiyo. Na kayamba ya Wamijikenda, mbegu zilizofungiwa kati ya tabaka mbili za matete, hutikiswa mfululizo mpaka mlio wake uwe kama mvua juu ya mabati.

Kanisani ilichukua muda. Krapf na Rebmann walianzisha kituo cha misheni Rabai, si mbali na hapa Miritini, mwaka wa 1846. Nyimbo zilizotafsiriwa na nota za solfa zilitufundisha kuimba kwa sauti nne zilizonyooka, na hilo tunalishukuru. Lakini kwa miaka mingi makanisa mengi ya misheni yaliiacha ngoma nje ya mlango.

Sasa tukubali kosa letu. Tulipojiandaa kwa mashindano fulani, sisi vijana tulijirekodi kwa simu tukasikia sauti mbili zikitetemeka upande wa alto. Zilikuwa za mama zetu wawili waliotutangulia katika kwaya. Tukawaomba "wapumzike kidogo". Hawakubishana. Jumapili iliyofuata walirudisha sare, zimefuliwa na kupigwa pasi.

Wimbo wetu wa pili ulihitaji kayamba. Kufikia ubeti wa pili mikono ya vijana ilikuwa imechoka na mwendo unakimbia. Ndipo tulipokumbuka ni nani waliokuwa wakiitikisa wimbo mzima bila kuyumba. Tukaenda kuwaomba radhi. Mmoja alirudi siku hiyohiyo. Wa pili alisema, "Nikirudi, narudi kuimba. Mkitaka mikono tu, tafuteni kwingine."

Alirudi kuimba. Mwalimu wa kwaya alipowasikiliza kwa makini, aliona kwamba sehemu kubwa ya mtetemo ule ilitokana na pumzi. Tulikuwa tukiimba juu mno na kuwasimamisha saa nzima. Tukashusha ufunguo wa nyimbo tatu, tukaleta viti mazoezini, na sote tukaanza zoezi la kuvuta pumzi tumboni na kuitoa polepole kwa sauti ya "sss" huku tukihesabu. Vijana ndio walioshindwa mapema.

Mtetemo ulipungua, lakini haukuisha. Tumejifunza kutofautisha: mtetemo wa pumzi iliyokwisha tunaurekebisha kwa mazoezi, wa pambo tunautumia mahali pake, na wa umri tunauimbia pamoja, sauti zetu zikiubeba.

Leo mama hao wamesimama mstari wa pili, upande wa alto. Kayamba ikianza, watazameni mikono. Wimbo ukitulia, sikilizeni vizuri. Mkisikia sauti inatetemeka, ni ya kwetu.

Mungu awabariki nyote.

Katibu wa Kwaya